Rauta mbili nyumba moja: anwani za IP zinagongana na intaneti inakatika kila mara

chumba_cha_juu

Wakuu, naomba msaada wenu. Nina rauta mbili kwenye nyumba moja. Ya kwanza, niiite A, ndiyo iliyofungwa na mtoa huduma ya intaneti. Iko sebuleni na anwani yake ni 192.168.1.1. Ya pili, B, iko ghorofani ambako Wi-Fi ya A haifiki vizuri. Waya umetoka kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la A na kuingia kwenye tundu la LAN la B. Kwenye B nimebadilisha jina la Wi-Fi na nenosiri tu. Kibandiko cha chini yake nacho kinasema 192.168.1.1.

Dalili ni hizi:

- Kompyuta ya Windows inatoa ujumbe kwamba anwani yake ya IP inatumiwa na kifaa kingine.
- Simu zinaonyesha Wi-Fi imejaa lakini hakuna intaneti. Ukizima Wi-Fi na kuwasha, mara inarudi, mara hairudi.
- Nikifungua 192.168.1.1 kwenye kivinjari, saa nyingine naona ukurasa wa A, saa nyingine wa B.
- Printa, ambayo nimeipa 192.168.1.100 kwa mkono, inapotea, hasa jioni vifaa vyote vikiwa vimewashwa.

Nilijaribu kuhamishia waya kwenye tundu la WAN (la kupokea intaneti) la B, vifaa vya juu vikakosa intaneti kabisa. Je, B ni mbovu? Na la printa ni tatizo hilohilo au jingine?

---

waya_nane

B ni nzima, mkuu. Una matatizo matatu yaliyopandana, na ni vizuri kuyatenganisha kabla ya kugusa chochote, maana ukitatua moja utadhani hujatatua kitu.

La kwanza ni kwamba rauta mbili zinadai anwani moja. Kifaa kikitaka kutoka nje huuliza mtandao mzima kwa ARP: nani mwenye 192.168.1.1? A inajibu, B nayo inajibu, kila moja kwa anwani yake ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe). Kifaa kinashika jibu mojawapo na kulitunza kwa muda. Kikishika la A, intaneti ipo. Kikishika la B, pakiti (vipande vya data) zinapelekwa kwenye rauta ambayo tundu lake la WAN ni tupu, na zinafia hapo. Kumbukumbu ikiisha muda swali linaulizwa upya, na mshindi anaweza kuwa mwingine. Hiyo ndiyo "mara inarudi, mara hairudi" unayoiona, na ndiyo sababu ukurasa wa kivinjari unabadilika.

La pili ni seva mbili za DHCP, yaani wagawaji wawili wa anwani. Kifaa kipya kinaomba anwani kwa kupaza sauti kwa wote, rauta zote mbili zinatoa ofa, na kwa kawaida kifaa kinachukua ile iliyotangulia kufika. B haijui A imegawa nini, wala A haijui ya B. Kwa hiyo A inaweza kuipa simu 192.168.1.103 na baada ya dakika kumi B ikaipa televisheni 103 hiyohiyo.

La tatu ni printa, na hilo halina uhusiano na B. Umeipa 100 kwa mkono, lakini kama kapu la DHCP la A (anwani inazoruhusiwa kugawa) linaanzia 2 hadi 254, basi 100 imo ndani ya kapu. Siku A ikiigawa 100 kwa simu wakati printa imelala, printa ikiamka inakuta kiti chake kimekaliwa. Hata ukiing'oa B leo, hilo litaendelea.

Kuhusu tundu la WAN: B iliomba anwani kwa A ikapata, tuseme, 192.168.1.57 upande wa WAN, huku upande wake wa LAN ukiwa 192.168.1.0/24 (zote zinazoanza na 192.168.1) vilevile. Mtandao mmoja ukiwa pande zote mbili, rauta haina namna ya kujua pakiti ya 192.168.1.1 ibaki ndani au itoke nje. Zipo rauta zinazogundua hali hiyo na kujihamishia safu nyingine zenyewe. Yako haikufanya hivyo.

Thibitisha kwanza. Kwenye Windows fungua dirisha la amri kama msimamizi, kisha:

```
arp -d *
ping 192.168.1.1
arp -a
```

Tazama anwani ya MAC iliyo mbele ya 192.168.1.1, iandike, subiri dakika moja, rudia amri zote tatu. Ikibadilika, umekamata. Linganisha na vibandiko vya rauta, ila usishtuke tarakimu ya mwisho ikitofautiana: rauta moja ina MAC ya LAN, ya WAN na za Wi-Fi, na aghalabu zimefuatana.

Kwenye Linux ni rahisi zaidi:

```
sudo arping -b -c 4 -I eth0 192.168.1.1

Unicast reply from 192.168.1.1 [02:00:00:AA:10:01]  0.91ms
Unicast reply from 192.168.1.1 [02:00:00:BB:20:01]  1.34ms
```

IP moja, MAC mbili, hapo hakuna ubishi tena. Usiache ile `-b`. Bila hiyo arping ikishapata jibu la kwanza inaendelea kumuuliza aliyejibu peke yake, na yule wa pili utamkosa. Badala ya eth0 weka jina la kiolesura chako, utalipata kwa `ip addr`.

Watu wengi hukimbilia `ipconfig /all` kuangalia mstari wa DHCP Server. Kwa hali yako mstari huo hautakusaidia kitu, kwa sababu seva zote mbili zinajitambulisha kama 192.168.1.1. Utafaa baada ya B kubadilishwa anwani.

---

pakiti_kwa_pakiti

Naunga mkono maelezo ya waya_nane. Kwa matumizi yako, yaani kufikisha Wi-Fi juu tu, ifanye B iwe aksesi pointi: isigawe anwani, isielekeze pakiti, ibaki swichi yenye Wi-Fi. Kanuni ni kwamba mgawaji wa anwani awe mmoja, naye ni A.

Angalia kwanza kama B ina chaguo la hali ya aksesi pointi kwenye mipangilio yake. Kama lipo, lichague: DHCP itajizima na tundu la WAN litafanya kazi kama LAN. Kama halipo, fanya kwa mkono, na tafadhali ufuate mpangilio huu huu. Wengi hukwama kwa kuzima DHCP kabla ya kubadilisha anwani, wakiwa bado wameunganisha rauta zote mbili, na wanajikuta wamezima DHCP ya A.

1. Chomoa waya unaounganisha A na B.

2. Unganisha kompyuta na B kwa waya, tundu la LAN, na uzime Wi-Fi ya kompyuta. Sasa ukifungua 192.168.1.1 anayejibu ni B peke yake.

3. Nenda kwenye mipangilio ya LAN, badilisha anwani ya B iwe 192.168.1.2, maski 255.255.255.0. Hifadhi. Ukurasa utaganda, na ni sawa, kwa sababu uliyekuwa unaongea naye amehama. Chomoa waya wa kompyuta, urudishe, kisha ingia kwa 192.168.1.2.

4. Sasa zima DHCP ya B. Kama kuna nafasi ya kujaza lango (rauta ya kutokea nje) na DNS (inayotafsiri majina ya tovuti) upande wa LAN, weka 192.168.1.1 zote mbili, ili B yenyewe iweze kusoma saa na kupakua masasisho.

5. B ikiwaka tena, kompyuta yako itaonyesha anwani inayoanza na 169.254. Usiirudishe B kwenye hali ya kiwandani! Anwani hiyo maana yake kompyuta imeomba na hakuna aliyeigawia, na hicho ndicho ulichokusudia. Ukitaka kuingia tena B kabla ya kuiunganisha na A, jipe kwa mkono 192.168.1.10, maski ileile, kisha ukimaliza rudisha kompyuta kwenye hali ya kupata anwani yenyewe.

6. Hamia A. Punguza kapu la DHCP liwe 192.168.1.50 hadi 192.168.1.199. Hizo ni anwani 150, zinatosha nyumba yoyote ya kawaida. Kuanzia 2 hadi 49 zibaki kwa vifaa unavyovipa mwenyewe: B ni 2, printa iwe 20.

7. Rudisha waya, LAN ya A kwenda LAN ya B. Tundu la WAN la B libaki tupu. Libandike kipande cha utepe, kwa sababu siku moja mtu atachomeka waya hapo kwa nia njema na vifaa vya juu vitapotea tena.

8. Safisha anwani za zamani. Windows: `ipconfig /release` halafu `ipconfig /renew`. Simu: sahau mtandao, uunganishe upya. Televisheni na vifaa vingine: zima na kuwasha.

Usiruke hatua ya 8. Anwani iliyotolewa na DHCP ina muda wake, na kifaa hakiendi kuomba upya kwa sababu tu wewe umebadilisha mipangilio. Kwa kawaida kinajaribu kuongeza muda ukifika nusu, na kikikosa jibu, kwenye asilimia 87.5 kinaomba kwa seva yoyote itakayosikia. Kama muda ni saa 24, hiyo ni saa ya 12 na saa ya 21. Maana yake migongano ya leo inaweza kuonekana hadi kesho ilhali umeshatengeneza kila kitu.

---

tundu_la_nje

Kuna njia ya pili ambayo haijatajwa: waya uingie WAN ya B, halafu LAN ya B uihamishie 192.168.2.1 na DHCP yake ibaki imewashwa. Safu mbili tofauti, migongano imekwisha, na unapata mtandao wa juu uliojitenga na wa chini. Mabadiliko ni moja tu, na huhitaji kugusa A. Inafaa hasa kama unataka mtandao wa wageni.

---

pakiti_kwa_pakiti

Ni kweli inaondoa mgongano, na kama A ni ya mtoa huduma na amekufungia mipangilio yake, huenda ndiyo njia pekee. Ila ina gharama ambayo mwenye swali anapaswa kuijua mapema.

NAT, yaani rauta kuficha vifaa vya ndani nyuma ya anwani yake moja, inafanyika mara mbili. Kuvinjari na video hazitajali. Michezo ya mtandaoni, kamera unazotaka kuziona ukiwa nje, na chochote kinachohitaji kufunguliwa poti (mlango wa kuingilia kutoka nje) vitajali, kwa sababu utalazimika kufungua poti kwenye A kuelekea B, kisha kwenye B kuelekea kifaa. Ukitaka kujua kama uko katika hali hiyo:

```
tracert -d 8.8.8.8
```

Mistari miwili ya mwanzo ikiwa 192.168.2.1 na 192.168.1.1, unapita NAT mbili. Na kama anwani ya WAN ya A iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma naye anafanya NAT yake juu ya hizo, kwa hiyo kufungua poti nyumbani hakutakufikisha popote.

Printa nayo. Simu huitafuta printa kwa matangazo ya mDNS yanayokwenda 224.0.0.251, poti 5353, na matangazo hayo hayavuki rauta. Simu ikiwa juu na printa chini, haitaonekana kwenye orodha. Utaweza kuiandika kwa IP kutoka juu kwenda chini, lakini kutoka chini kwenda juu NAT ya B inazuia.

Na hilo la wageni lina kosa ambalo ni la hatari, nisingependa mtu alifuate. Wageni ukiwaweka nyuma ya B, yaani rauta ya ndani, pakiti zao zinapita ndani ya mtandao wa A kwenda nje. Maana yake wanaweza kufikia kila kifaa kilicho kwenye A: printa, hifadhi ya mafaili, ukurasa wa rauta yenyewe. Wewe wa A ndiye usiyeweza kuwafikia wao. Ukitaka kutenga kwa rauta mbili, wageni wakae kwenye A na vifaa vyako viwe nyuma ya B. Bora zaidi, tumia mtandao wa wageni uliomo ndani ya A kama upo.

---

chumba_cha_juu

Asanteni sana. Kabla ya kuanza nilijaribu arp, MAC ilibadilika kwenye jaribio la tatu. Nimefuata hatua zote nane, B sasa ni 192.168.1.2, ujumbe wa mgongano haujarudi. Yamebaki manne:

1. Kompyuta ya juu baadhi ya kurasa zinasita sekunde kadhaa kabla ya kufunguka. Kwenye `ipconfig` naona malango matatu: mawili yanaanza na fe80 na moja ni 192.168.1.1.
2. Printa niipe 20 kwa mkono kwenye printa yenyewe, au niihifadhie kwenye A?
3. Simu ikipanda juu inang'ang'ania Wi-Fi ya chini.
4. Vifaa vya juu havivuki Mbps 94, wakati chini napata karibu 300.

---

nukta_nne

Nianze na la kwanza, kwa sababu ndilo linalosahaulika kuliko yote kwenye kazi hii.

Ulizima DHCP ya IPv4. IPv6, mfumo mpya wa anwani unaotumika sambamba na IPv4, haisubiri DHCP: rauta inatangaza yenyewe kwamba "mimi ni lango" na kila kifaa kinachosikia kinaamini. Hizo fe80 mbili ni A na B, zote zinatangaza. B haina njia ya kutoka nje, kwa hiyo kifaa kinajaribu IPv6 kupitia B, kinasubiri, kinakata tamaa, kinarudi IPv4. Hizo ndizo sekunde unazoziona. Ni mgongano uleule wa mwanzo, ila kwenye itifaki nyingine.

Thibitisha ni nani kwa:

```
netsh interface ipv6 show neighbors
```

Tafuta zile fe80 mbili uone MAC zake, na ile ya B utaitambua. Kisha ingia 192.168.1.2, sehemu ya IPv6, zima IPv6 yote upande wa LAN, yaani matangazo ya rauta pamoja na DHCPv6. Zima na kuwasha B, halafu ondoa kompyuta kwenye mtandao na kuirudisha. Ibaki fe80 moja.

Printa: ihifadhie kwenye A kwa MAC yake, na printa yenyewe irudishe kwenye hali ya kupata anwani yenyewe. Orodha yote inakuwa sehemu moja, na siku ukibadilisha safu ya mtandao printa itafuata bila kuguswa. Rauta nyingine zinakubali kuhifadhi anwani iliyo ndani ya kapu tu. Ikikataa 20, ihifadhie 60. Haitagongana, kwa sababu A inajua ni ya nani. Ila fahamu kwamba mbinu hii haifai sana kwa simu: kuanzia Android 10 na iOS 14 simu hutumia MAC ya kubuni kwa kila Wi-Fi. Ukitaka simu iwe na IP isiyobadilika, kwanza zima MAC ya kubuni kwa mtandao huo.

Simu kung'ang'ania: anayeamua kuhama ni simu, si rauta. Unachoweza ni kuirahisishia. A na B ziwe na jina moja la Wi-Fi, herufi kwa herufi, nenosiri moja, na aina moja ya usalama. WPA2 huku na WPA3 tupu kule ni tatizo. Chaneli zitofautiane: kwenye GHz 2.4 tumia 1, 6 au 11 tu, upana MHz 20, mfano A iwe 1 na B iwe 11. Ikiwa bado inang'ang'ania, punguza nguvu ya redio ya A kwenye GHz 2.4. Watu huongeza nguvu wakidhani wanasaidia, kumbe wanaifanya simu ya juu iendelee kuisikia A vizuri kiasi cha kutotafuta nyingine.

Hilo la Mbps 94 namwachia waya_nane.

---

waya_nane

94 ni alama ya kidole ya kiungo cha Mbps 100. Sehemu iliyobaki inaliwa na vichwa vya pakiti. Kuna uwezekano wa aina mbili. Matundu ya LAN ya B yanaweza kuwa ya Mbps 100 tu, angalia maelezo ya modeli yake, na kama ndivyo hakuna mpangilio utakaosaidia. Au waya una hitilafu. Mbps 100 inatumia nyuzi nne tu, pini 1, 2, 3 na 6. Gbps 1 inahitaji zote nane. Uzi mmoja wa pini 4, 5, 7 au 8 ukikatika au usipobanwa vizuri kwenye plagi, rauta zinashuka kimya kimya hadi 100 na kila kitu kinaonekana kizima.

Ingia A, tazama hali ya matundu ya LAN, utaona kila tundu limeunganishwa kwa kasi gani. Likiwa 100, leta B karibu na A kwa muda, ziunganishe kwa waya mfupi mzima wa Cat5e. Ikipanda 1000, kosa liko kwenye ule waya mrefu. Kata plagi zote mbili ubane mpya, ncha zote kwa mpangilio mmoja, T568B kwa T568B: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Usifunue msokoto zaidi ya milimita 13 kutoka kwenye pini.

Na ukiwa huko nyuma ya rauta na nyaya mkononi, usiongeze waya wa pili kati ya A na B ukitegemea kasi itaongezeka maradufu. Rauta nyingi za nyumbani hazina kinga ya mzunguko iliyowashwa. Tangazo moja litazunguka bila kukoma, taa zote za matundu zitamemeta kwa pamoja, na nyumba nzima itakosa mtandao hadi uuchomoe.